SOMO: Betri ya gari la zamani inalala kila siku mbili tatu. Tafuta kinachoinyonya kabla hujanunua nyingine

Mwezi huu nimeulizwa jambo hili mara nne, na wote wanne walikuwa wameshabadilisha betri. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

Somo ni la magari ya zamani: dainamo au altaneta za mwanzo (ndizo zinazochaji betri injini ikizunguka), fyuzi chache, hakuna kompyuta. Andaa mita ya umeme yenye tundu la ampia 10 (10A), spana ya temino, na balbu ya indiketa ya wati 21 uliyoiunga waya mbili.

1. Chaji betri mpaka ijae.

2. Itoe kwenye chaja, iache saa chache itulie, kisha ilaze usiku mzima ikiwa haijafungwa kwenye gari. Betri nzima itaamka na volti 12.6 au karibu na hapo. Ikishuka yenyewe hadi 12.2, ambayo ni kama nusu, gari linasingiziwa bure. Betri ndiyo mbovu.

3. Irudishe, washa injini, kanyaga mafuta kidogo, pima kwenye temino. Unataka 13.8 hadi 14.5. Kama haifiki, huenda hakuna kinachonyonya, ila hakuna anayejaza. Wenye dainamo msipime injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta), dainamo haichaji vizuri hapo.

4. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango na buti. Boneti ikiwa na taa yake, toa balbu.

5. Hapa ndipo nilipojiaibisha, kwa hiyo someni polepole. Umeme unaopita hupimwa kwa kukata njia na kuweka mita katikati: unafungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe, ncha moja ya mita inashika temino ya betri, nyingine inashika ule waya uliofungua. Mimi nilichomeka waya wa mita kwenye tundu dogo la miliampia, maana nilitarajia namba ndogo. Nikafungua mlango kuchukua tochi. Taa ya ndani ikawaka, ikavuta karibu ampia 0.4, fyuzi ndogo iliyomo ndani ya mita ikakatika kimyakimya. Nilipofunga mlango nikasoma 0.00. Nikafurahi! Nikajisifu kuwa gari ni zima, asubuhi betri imelala. Nikapima tena, sifuri tena. Nikanunua betri. Nayo ikalala. Wiki mbili nilikuwa napima kwa mita iliyokufa.

Kwa hiyo:
– Anza na balbu, siyo mita. Iweke palepale ambapo mita ingekaa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti au kitu kikubwa kinavuta; USIWEKE MITA mpaka ukipate. Balbu haiungui kwa shoti, mita inaungua.
– Balbu isipowaka, weka mita kwenye 10A. Kisha washa taa ndogo makusudi. Namba isipopanda, mita yako ni maiti.
– Usipige stata mita ikiwa katikati. Stata inavuta ampia mia na zaidi.
– Ukimaliza, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti KABLA ya kugusa kitu kingine. Ukipima volti za betri waya ukiwa kwenye tundu la ampia, umeipiga betri shoti kwa mkono wako.

Gari lisilo na saa wala redio ya kisasa linatakiwa kusoma sifuri au kitu kisichotajika. Lenye redio inayotunza stesheni, miliampia chache, tuseme chini ya 30. Ukiona 400 hivi, hiyo ni balbu ya wati 5 imesahaulika mahali. Kwa siku moja inakula karibu ampia-saa 10, na betri ya ampia-saa 45 haitafika mbali.

6. Chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba ikianguka, fuata waya wa fyuzi hiyo.

7. Isipoanguka hata baada ya fyuzi zote kutoka, usiseme "fyuzi zote nzuri" ukaenda kulala. Magari haya yana waya nene ambazo hazipiti kwenye fyuzi kabisa: za altaneta au dainamo, swichi ya ufunguo, mara nyingi na taa kubwa. Fungua betri kwanza, chomoa waya mmoja, ufunike kwa tepu, funga betri, pima. Halafu unaofuata.

Maswali chini.

—

Dereva Mpya: Mkuu somo refu, nimepitia haraka. Miliampia ngapi ni kawaida?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Dereva Mpya: Na kama nina haraka, siwezi kuweka tu ile swichi ya kukata betri nikaendelea na maisha?

Mwandishi: Weka. Nami ninayo. Ila unapoendesha swichi inakuwa imeunganisha betri na waya unaovuja bado unavuja, na waya unaovuja unapata joto. Moto ukianzia nyuma ya dashibodi usije kuniambia sikusema.

Bibi Spana: Samahani kwa swali la mwanafunzi. Fyuzi zimetoka zote, bado nasoma ampia 0.8. Injini imezimwa, sasa altaneta inawezaje kuvuta umeme wakati kazi yake ni kuutoa?

Mwandishi: Hilo ndilo swali, dada! Waya mnene wa altaneta umeunganishwa na betri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kinachozuia umeme usirudi nyuma ni dayodi zilizomo ndani, kama mlango unaofunguka upande mmoja. Dayodi ikifa, mlango unabaki wazi. Asubuhi kabla ya kuwasha, shika altaneta: injini ya baridi na altaneta ya vuguvugu, jibu umelipata. Wenye dainamo hawana dayodi. Wao wana katiauti, relei ndogo ambayo vidole vyake vikigandana betri inajaribu kuizungusha dainamo. Hapo ni ampia nyingi, ndiyo maana nasisitiza balbu kwanza.

Bibi Spana: Nimeishika leo alfajiri. Ya moto kidogo kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Nimechomoa waya, mita imeanguka hadi 0.00, na taa ndogo bado inaipandisha. Asante.

Mwandishi: Umepima mita pia. Nimefurahi.

Baba wa MGB: Yangu ni ya 1965. Waya uliofungwa kwenye bodi ni wa CHANYA. Fundi aliyepita amegeuza?

Mwandishi: Hapana mzee, ilitoka hivyo kiwandani. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo bodi ilikuwa chanya. MGB iligeuka 1967. Ndiyo maana niliandika "waya unaokwenda kwenye bodi", sikuandika "hasi". Na wewe una betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, ipime kila moja peke yake. Moja ikifa inamchafulia jina mwenzake.

Fundi wa Mtaro: Somo zuri lakini umesahau uchafu. Juu ya betri yenye asidi na vumbi umeme unatembea. Gusa temino moja kwa ncha ya mita na nyingine buruta juu ya plastiki, utaona volti.

Mwandishi: Sikusahau, sikutaka somo liwe kitabu. Ila ni kweli. Maji yenye baking soda, brashi, vizibo vimefungwa yasiingie ndani.

Kobe 66: Tuliopo kwenye Volkswagen Beetle tuongeze: betri iko chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko chake kikipotea na abiria mzito akikaa, springi za kiti zinagusa temino. Betri kulala ni nafuu hapo.

Dereva Mpya: Nimepima sasa kwa utulivu. Ampia 0.41. Fyuzi ya taa za ndani ikitoka inakuwa sifuri. Lakini milango imefungwa na ndani ni giza!

Mwandishi: Sasa tunazungumza. Ndani giza, kwenye buti je? Weka simu humo ikirekodi video, funga, hesabu hadi kumi, fungua utazame.

Dereva Mpya: Kweupe kama mchana.