Namna ya Kulitembelea Tembe la Livingstone, Kwihara

Huenda ukajiuliza Mkristo ana sababu gani ya kwenda kwenye nyumba ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ilhali hakuanzisha dhehebu lolote. Hata hivyo, hotuba yake ya mwaka 1857 kule Cambridge ndiyo iliyochochea kuundwa kwa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), misheni ya Kianglikana iliyojenga Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, na kwa sababu hiyo Mkristo anayetaka kujua imani yake ilifikaje bara ana haki ya kulitembelea tembe la Kwihara, nyumba alimokaa Livingstone mwaka 1872, kwa utulivu, badala ya kupiga picha mlangoni na kugeuza.

Kwihara ipo kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora. Kodi bodaboda au teksi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mpatane mapema bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, kwani usafiri wa kurudia haupatikani kwa urahisi. Ukifika, anza kwa kumsalimu mhifadhi, ulipe kiingilio, upewe stakabadhi, kisha uombe ruhusa ya kupiga picha za ndani.

Usiingie mara moja. Lizunguke tembe kwanza, uone paa lake la bapa na kuta nene za udongo, ambazo ndizo zinazozuia joto la Unyamwezi, halafu usimame mbele ya mlango wa mbao na kuzitazama nakshi zake karibu, maana hizo ni kazi ya mafundi wa pwani zilizofika huku kwa njia ya misafara.

Ndani, kumbuka kwamba Livingstone na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walifika hapa pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi, naye Livingstone akabaki akiwasubiri wapagazi hadi Agosti, walipowasili watu 57 waliotumwa kutoka pwani. Mwombe mhifadhi akusimulie pia habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, ambao kwangu mimi ndio kiini cha ziara hii: baada ya bwana wao kufariki mwaka 1873, waliubeba mwili wake hadi hapa Unyanyembe, wakashauriwa wauzike, wakakataa, wakaendelea nao mpaka Bagamoyo.

Mwenye nafasi apande treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha aende Ujiji, walikokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Ziara hiyo itaeleweka vizuri zaidi baada ya Kwihara.