Kumkinga dubu mwenye kola ya redio msimu wa uwindaji

Mwongozo huu ni wa dubu weusi wa Minnesota, Marekani, waliovishwa kola ya redio, yaani mkanda wa shingoni unaotuma mawimbi ili watafiti wawafuatilie. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Septemba au karibu na hapo, na huendelea hadi katikati ya Oktoba. Sheria haikatazi kumpiga dubu mwenye kola. Idara ya maliasili ya jimbo huwaomba tu wawindaji wamwache. Kinga yake basi ni alama inayoonekana kabla risasi haijatoka.

1. Badilisha kola majira ya baridi, dubu akiwa pangoni. Acha nafasi shingoni, maana atanenepa sana kufikia vuli, na uweke kiungo cha kitambaa kitakachooza na kukatika iwapo hutampata tena.

2. Weka alama. Usitegemee kola peke yake. Kufikia Septemba manyoya ya shingo yamerefuka na kola imezama ndani. Dubu akiinamia chambo, hakuna kinachoonekana. Dubu wengi huja jioni, wakati nyekundu na bluu zilizokoza zinaonekana nyeusi tu. Picha za usiku za kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, nazo hazina rangi, na wawindaji wengi humchagua dubu wao kwa picha hizo. Tumia hereni kubwa za plastiki za rangi nyangavu, za njano au waridi, na uzivishe masikio yote mawili: dubu akisimama ubavu, sikio la pili hufichika. Utepe kwenye kola ni nyongeza nzuri, ila huchanika na kujaa matope. Ufunge kwa mikia mifupi isiyonasa vichakani, kisha uukague Agosti.

3. Ongea na wawindaji kabla hawajaweka chambo, jambo wanaloruhusiwa takriban wiki mbili kabla ya msimu. Waonyeshe picha za dubu wenyewe, za mchana na za usiku. Tangazo la maneno matupu halisaidii kitu gizani. Waombe watazame masikio kwanza. Usiwalaumu: wengi wao hukubali wakiombwa kwa heshima.

4. Masafa ya mawimbi ya kola na ramani za mienendo zibaki kwa watafiti.

5. Kola ikitoa mapigo ya kifo, vaa fulana ya rangi ya chungwa na uende na mwenzako. Kola hutoa mapigo hayo ikikaa bila kutikisika, kwa hiyo huenda imechomoka tu shingoni, au dubu amejeruhiwa na amelala. Msogelee kwa kufuata upepo, akunuse mapema asije akashtuka.