Lori la umeme Dodoma: pima njia na nguzo yako kabla hujaagiza

Kabla hujamtafuta muuzaji, mpe dereva daftari. Kwa wiki mbili aandike kila siku kilomita za dashibodi akitoka uani na akirudi, tani alizobeba kila safari, lita alizojaza, na saa ambazo gari lilikaa limesimama. Usimwulize "huwa unatembea kilomita ngapi kwa siku", maana utatajiwa siku nzuri. Unayoitafuta ni siku mbaya kuliko zote, ile ya mizunguko minne ya saruji Mtumba halafu jioni simu inaita kuna mzigo Chamwino. Betri hupimwa kwa siku hiyo.

Geuza lita kuwa uniti

Lita ya dizeli ina nishati ya karibu uniti 10, uniti ile ile ya LUKU (kilowati-saa), lakini injini hupoteza kama theluthi mbili kwa joto. Mota haipotezi hivyo. Kwa hesabu ya daftari, kila lita iandikie uniti 3 na robo kwa mizunguko ya mjini, ambako breki hurudisha umeme na hakuna injini inayonguruma bure kwenye foleni ya kupakua. Kwa barabara kuu na mzigo mzito andika 4. Kenta inayokula lita 24 kwa kilomita 120 za mjini itataka uniti 78 kutoka kwenye betri.

Lakini usinunue betri ya uniti 78. Asilimia 15 ya chini isiguswe, kwa sababu lori likikaribia sifuri hujipunguzia nguvu lenyewe na kilima hakipandiki. Kisha ihesabu betri kana kwamba imeshazeeka na kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake, maana dhamana nyingi humwajibisha mtengenezaji pale tu inaposhuka chini ya asilimia 80 au hata 70. Gawa 78 kwa 0.85, gawa tena kwa 0.8, unapata karibu 115. Betri ya uniti 120 inatosha, kwa kubana.

Lori hilo hilo lipeleke soko la mahindi Kibaigwa, takriban kilomita 90 kwenda na 90 kurudi. Dizeli ingekuwa lita 36. Hata ukihesabu kwa upole, 3 na robo kwa lita, ni uniti 117 bila akiba yoyote, na kwa hesabu ya barabara kuu ni 144. Likiwa jipya litafika uani likitambaa, au lisifike kabisa. Mwaka wa nne litalala Buigiri na magunia yake. Kwa safari ya Kibaigwa ama ununue betri kubwa zaidi, ama uwe na pa kuchaji kule wakati wa kupakia. Kama huna kimojawapo, njia hiyo iachie dizeli.

Milima ina hesabu yake: kuinua tani moja mita 100 kunakula uniti 0.27. Morogoro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma zaidi ya mita 1,100. Lori la tani 15 likipanda tofauti hiyo linatumia karibu uniti 25 kwa kupanda peke yake, nje ya matumizi ya kawaida ya barabara. Ndiyo maana safari ya kuja hula zaidi ya ile ya kwenda, na dereva asiyejua atadhani betri imeharibika.

Semi ya Dar es Salaam tuiseme haraka. Kichwa na tela la tani 40 hula uniti 1.2 hadi 1.4 kwa kilomita, na njia ni kama kilomita 450. Mercedes-Benz eActros 600, iliyooneshwa mwaka 2023, imebeba uniti 621 na mtengenezaji anaitaja kwa kilomita 500. Waliipanga hivyo kwa sababu sheria ya Ulaya inamtaka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na lori huchajiwa muda huo. Chaja kubwa ya njiani ambayo hujaiona kwa macho na kuishika plagi yake usiiweke kwenye ratiba.

Makampuni makongwe yamekuja na magari ya namna mbili

Hili lina maana kwa fundi wako kuliko kwako. Namna ya kwanza ni fremu ya dizeli iliyoondolewa injini: mota inakaa katikati, propela shafti inapeleka nguvu kwenye difu kama zamani. FUSO eCanter ya mwaka 2017 ilikuwa hivyo. Ya kizazi kilichofuata, mwaka 2022, mota imehamia kwenye ekseli ya nyuma yenyewe, shafti haipo, na nafasi iliyobaki kwenye fremu imekwenda kwa betri. Volvo nao walianza mwaka huo huo kuunganisha malori yao makubwa ya FH, FM na FMX ya umeme kwa wingi, wakilenga mteja anayelijua gari lile lile alikute na kabini ile ile.

Yenye shafti, fundi yeyote wa Kenta atabadilisha krosi na kufungua difu. Yenye mota kwenye ekseli ina vitu vichache vya kuchakaa, lakini ikigoma haifunguliwi chini ya mwembe. Muulize muuzaji swali moja tu: kifaa hicho kikifa, kinatoka wapi na kwa siku ngapi? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Jambo zuri walilofanya FUSO ni kuuza betri kwa vipande vya takriban uniti 41: kimoja, viwili au vitatu kwenye gari moja. Betri isiyotumika ni mzigo unaoulipia kila siku. Kwa betri za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), uniti 300 ni kama tani 2 za uzito, na mizani haikusamehei kwa sababu gari halitoi moshi. Kikomo cha Afrika Mashariki kinabaki tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya tairi pacha, tani 56 kwa gari zima. Omba uzito wa gari tupu ukiwa umegawanywa kwa kila ekseli. Wengi huuliza uzito wa jumla, halafu wanashangaa ekseli ya mbele imezidi.

Kwa joto la kanda ya kati chagua LFP yenye kupozwa kwa maji. Inayopozwa kwa upepo hupumua vumbi, na mwezi Oktoba upepo wenyewe ni wa moto.

Halafu plagi. Malori mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China huja na tundu la GB/T, ya Ulaya huja na CCS2. Haziingiliani. Kununua lori la GB/T na chaja ya CCS2 ni kosa linalogundulika siku kontena linapofunguliwa, na adapta ya umeme mkubwa ni mahali pa kuungulia. Dai picha ya tundu lenyewe, ikiwa na namba ya chesisi, kabla ya malipo ya kwanza.

Umeme wa uani

Chaja ya kawaida ya fezi tatu, ampea 32 kwa kila fezi, hutoa kilowati 22. Lori letu la uniti 78, ukiongeza asilimia 10 inayopotea njiani kati ya mita na betri, litasoma uniti 87 kwenye mita. Hizo zinajaa kwa saa nne kasoro kidogo. Kwa mizunguko ya mjini huhitaji zaidi ya hapo. Chaja ya haraka ya kilowati 60 inavuta ampea zaidi ya 90 kwa kila fezi. Kwenye transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo wa umeme, karibu sawa na kilowati) inayolisha mtaa mzima utakuwa umechukua theluthi mbili peke yako, na majirani watakujua kwa jina.

Kabla ya kuomba chochote, pima volti za fezi zote tatu kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kwa siku tano. Kati ya fezi na fezi inatakiwa karibu 400. Ukisoma 345 mara kwa mara, chaja itakuwa inakata na kuwaka, kukata na kuwaka, na asubuhi lori lina asilimia 40. Chaja haina kosa hapo. Tatizo ni umbali wa waya au transfoma iliyoelemewa, na dawa yake ni kuongezewa laini au kufungiwa transfoma yako. Maombi ya TANESCO yanapita NiKonekt, mfumo wao wa mtandaoni. Andika kilowati za chaja, usiandike "matumizi ya ofisi", kwa sababu makadirio ya waya na transfoma yanatokana na namba hiyo.

Sasa gharama. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambazo huongeza asilimia 22. Lori moja, siku 26, uniti 87: ni uniti 2,262, sawa na shilingi 660,504, na kodi zote karibu 806,000. Dizeli ya kazi hiyo hiyo ni lita 624. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu. Kwa mfano wa shilingi 2,800 kwa lita inafika 1,747,200.

Ukifikisha malori manne unavuka uniti 7,500 kwa mwezi na kuingia T2, kundi la watumiaji wakubwa, na hapa ndipo watu wanaumia. Uniti inashuka hadi shilingi 195, lakini kuna ada ya kilele: shilingi 15,004 kwa kila kVA ya juu kabisa uliyovuta mwezi ule. Madereva wanne wakirudi saa 12 jioni na kuchomeka wote kwa pamoja, unagusa kama kVA 92. Kilele peke yake ni shilingi 1,380,368. Jumlisha uniti 9,048 na ada ya huduma ya 14,233, kila uniti imekugharimu shilingi 349. Ghali kuliko T1!

Malori yale yale, uniti zile zile, yakigawana saa kumi za usiku, kilele kinabaki kama kVA 37 na uniti inashuka hadi shilingi 258. Tofauti ni zaidi ya shilingi 820,000 kwa mwezi, kabla ya kodi, na haihitaji kifaa cha ajabu. Nunua chaja zenye uwezo wa kugawana mzigo zenyewe, au mlinzi apewe ratiba: mawili yanaanza saa 2 usiku kwa asilimia 80 ya nguvu, mengine mawili saa 7 kwa nguvu hiyo hiyo. Usiku mmoja wa kusahau unaharibu ankara ya mwezi mzima, kwa hiyo funga kikomo kwenye chaja yenyewe, usitegemee kumbukumbu.

Wengi huuliza sola. Jua la Dodoma halina ubishi, na kilowati 20 za paneli zinaweza kutoa hizo uniti 87 kwa siku nzuri. Ila jua lipo mchana na lori liko Nala. Sola inafaa kwa gari linalolala mchana uani.

Barabarani

LFP ijazwe hadi asilimia 100 walau mara moja kwa wiki. Volti yake haibadiliki sana kati ya robo na robo tatu, hivyo kompyuta hukisia kilichobaki, na isipojazwa makisio yanapotea. Ndipo unasikia "lilikuwa na asilimia 18, likazima". Siku nyingine ishia 90.

Pia usijaze kabisa kabla ya mteremko. Ukitoka Iringa kuja Mtera unashuka Nyang'oro. Betri iliyojaa haina pa kupokea umeme wa breki, mota inaacha kushika, na mzigo wote unarudi kwenye breki za miguu ambazo dereva amezoea kutozigusa. Ondoka na asilimia 85.

Rejeta ya betri ipulizwe kwa upepo kila wiki, kutoka ndani kwenda nje. Presha ya maji isielekezwe kwenye waya za rangi ya chungwa wala viunganishi vyake. Kifuniko chenye alama IP67 kinavumilia mita moja ya maji tulivu kwa dakika 30. Korongo linaloshuka na mchanga na mawe si maji tulivu. Likipita lori kwenye maji yaliyofika kwenye betri, lisichajiwe hadi fundi apime kama kuna umeme unaovuja kwenda kwenye bodi.

Fundi asiyefunzwa asiguse chungwa. Aliyefunzwa anatoa kitenganishi, anasubiri dakika kumi, anavaa glavu za volti 1,000, kisha anapima kuthibitisha kuwa ni sifuri ndipo afungue boliti.

Lori likikataa kuwaka kabisa, skrini nyeusi, usikimbilie kulia na betri kubwa. Angalia kwanza betri ndogo za volti 24: zikifa, swichi za betri kubwa hazifungi hata kama ina asilimia 90. Pima, zikiwa chini ya 24 zichaji, jaribu tena. Na likibidi kuvutwa, tairi za nyuma zisizunguke chini, kwa sababu mota inayozungushwa huzalisha umeme usio na pa kwenda na kuunguza vifaa. Fungua shafti kama ipo, au lipakiwe juu ya tela.