Kupima akiba ya mayai: siku gani, damu gani, na namba inasema nini

Dada zangu, kabla ya maabara chukua kalenda. Siku ya 1 ni ile damu inapotoka kamili. Matone ya kuamkia hedhi usiyahesabu.

Hatua ya 1: Siku ya 2 hadi ya 4, pima FSH (homoni ya ubongo inayochochea mayai kukua) na estradioli (homoni ya kike ya ovari) kwa pamoja. Ukipima FSH peke yake unaweza kudanganyika: estradioli ikipanda mapema huishusha FSH, majibu yakaonekana mazuri na kumbe akiba imepungua.

Hatua ya 2: AMH, homoni inayokisia akiba ya mayai. Hutengenezwa na vijifuko vidogo vya mayai, hivyo hupimwa siku yoyote, na umekula. Ila kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, sema. Vinaweza kuvuruga majibu.

Hatua ya 3: Ultrasaundi ya ukeni, kuhesabu vijifuko vya milimita 2 hadi 10 katika ovari zote mbili.

Hatua ya 4: Soma kizio (ng/mL au pmol/L) kabla ya namba. Wengi wanalia bure hapa. AMH ya ng/mL 1 ni sawa na pmol/L 7.14, kwa hiyo 7 ya mwenzio huenda ndiyo 1 yako. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema pmol/L 5.4 kushuka chini, ovari huenda zikaitikia kidogo sindano za kukuza mayai. 25 kwenda juu, huenda zikaitikia kupita kiasi, na daktari hupanga dozi kwa tahadhari.

Maswali ya wanachama

Nina miaka 31, AMH ni ng/mL 0.8. Ndiyo basi tena?
Hapana, mdogo wangu. AMH inakisia wingi wa mayai. Ubora unafuata zaidi umri. Utafiti wa Marekani wa 2017 uliwafuata wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba: wenye AMH ndogo walishika mimba sawa na wenzao. Lakini kama mmeshatafuta mwaka mzima, usikae nyumbani na karatasi hiyo.

Natumia vidonge vya majira, je?
Vinaweza kuishusha AMH, na FSH haitasomeka sawasawa. Mwambie daktari kabla ya kutoa damu.

Mume anasema nimalize kupima mimi kwanza.
Mwende wote. Yeye ajizuie siku 2 hadi 7, kisha apimwe mbegu.