Katapila la zamani linatoa moshi: vipimo vya kufanya kabla ya kufungua hedi

Mwongozo huu ni wa mwenye mashine na wa fundi anayeitwa porini, mbali na gereji. Mfano wangu ni Caterpillar D6C yenye injini ya D333, silinda sita, dizeli inayopuliziwa kwanza kwenye chemba ndogo kabla ya kuingia juu ya pistoni. Mashine hizi bado zinachonga barabara za misitu na kung'oa visiki. Ukiwa na D4 ya zamani au Komatsu ya rika hilo, hatua ni zilezile, ila mpangilio wa vipuri unatofautiana kidogo.

Mafundi wengi wakiona moshi wanatamka neno moja: overholi. Injini inafunguliwa yote, ringi, slivu (kuta za silinda), pistoni, hela inaondoka, na mashine inarudi kazini na moshi uleule kwa sababu tatizo lilikuwa chujio la hewa. Rangi ya moshi inakupa mwelekeo tu. Kinachoamua ni moshi unatoka wakati gani: inapowashwa, ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila mzigo), au ikiwa na mzigo.

Hatua ya 1: Ikute imelala

Mwambie opereta asiiwashe mpaka ufike. Injini iliyokwisha kupashwa inaficha nusu ya ushahidi. Weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya vuguvugu, rudi kesho alfajiri.

Hakikisha bledi iko chini, breki imefungwa, na mashine haiko ndani ya banda lililozibwa. Angalia kopo kwenye eksozi. Kama halikuwekwa na mvua ilinyesha usiku, maji yanaweza kuwa yameshuka hadi kwenye silinda, na maji hayagandamiziki. Zungusha injini kwa mkono kwanza. Ikigoma, toa nozeli (zile zinazopulizia dizeli) maji yatoke. Ukipiga starta kwa nguvu hapo unapinda koni (mkono wa pistoni).

Kisha chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa juu ya alama na hakuna aliyeongeza, kuna kitu kimeingia sampu (hodhi ya oili chini ya injini). Inuse: dizeli utaijua. Kwa maji, pasha kijiko juu ya jiko na udondoshee tone moja la oili hiyo. Oili safi itatulia na kutoa moshi taratibu. Yenye maji itachachatika kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Ikichachatika, usiwashe. Angalia tu utando wa oili kwenye rejeta, kama ilivyo kwenye habari za maji huko chini.

Hatua ya 2: Washa, simama pembeni, tazama

Usiguse kitu kwa dakika kumi. Tazama moshi wa kuwashia, tazama unavyobadilika injini ikipata moto, kisha mwambie opereta asukume udongo kwa gia ya kazi huku wewe ukiwa mbali. Andika kwenye karatasi. Opereta naye ana habari nyingi kuliko anavyodhaniwa: muulize ilianza lini, na kabla ya hapo nani aligusa nini. Swali hilo la pili ndilo linaloleta jibu mara nyingi.

Hatua ya 3: Moshi mweusi

Mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Anza na hewa, maana ni bure.

Mashine za zamani kabisa zina chujio la bakuli la oili. Fungua bakuli, chota tope la chini kwa kidole. Likiwa zito kama uji wa ulezi, osha kwa dizeli, futa, jaza oili mpya hadi kwenye alama na si zaidi. Ukizidisha, injini itainyonya oili hiyo, utaona moshi wa bluu, na ikizidi sana injini inaweza kukimbia yenyewe hata ukikata mafuta. Kwa chujio la karatasi, toa lile la ndani na la nje, washa mahali pasipo na vumbi, piga resi kwa muda mfupi tu. Moshi ukipungua, umepata mchawi. Usiipeleke kazini bila chujio hata kwa saa moja. Vumbi la barabarani linamaliza slivu.

Chujio likiwa zima, fuata njia ya hewa hadi kwenye tabo (feni inayosukumia injini hewa). Injini ikiwa imezimwa na kupoa, shika shafti ya tabo kwa vidole: icheze kidogo mno na isiguse ukuta. Angalia mipira na klempu kati ya tabo na manifoldi. Mpira uliopasuka hauonekani sailensa. Unafunguka kwa presha ya mzigo, na hapo ndipo weusi unapotoka.

Halafu kuna jambo la mwinuko ambalo watu wanalisahau. Mashine isiyo na tabo iliyokuwa ikifanya kazi safi Ruvu itatoa moshi mweusi ikipandishwa Makete. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko pwani, lakini pampu inaendelea kutoa dizeli ileile. Dawa yake ni kupunguza dizeli kwenye pampu. Cha ajabu, wengi wanafanya kinyume: mashine imepoteza nguvu, wanafungua skrubu ya pampu iongezewe mafuta. Inapata weusi zaidi, joto zaidi, na mwisho pistoni inayeyuka kichwani. Ukikuta lakiri ya pampu imekatwa, mashaka yako yaanzie hapo.

Ikitoa weusi hata bila mzigo, geukia nozeli. Vaa miwani na glovu. Injini ikiwa sailensa, legeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, nusu mzunguko, na kitambaa kikiwa juu yake. Mkono usikaribie tundu kabisa: dizeli ya presha inapenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana dogo kama sindano. Sikiliza. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mngurumo unabadilika, injini inapepesuka. Kaza, nenda ya pili, mpaka ya sita. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika haifanyi kazi. Ile ambayo ukiilegeza moshi unakatika, nozeli yake inadondosha badala ya kupulizia.

Usichokonoe tundu la nozeli kwa waya. Lina kipimo, na waya ukipita mara moja kipimo kimekwisha. Toa zote sita, zipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, akuonyeshe mbele ya macho yako zinafunguka kwa presha gani na kama zinavuja zikisimama.

Hatua ya 4: Moshi mweupe

Hapa kuna vitu viwili vinavyofanana kwa macho: dizeli isiyoungua na mvuke wa maji. Pua inavitenganisha. Moshi wa dizeli mbichi unachoma macho na unaning'inia hewani. Mvuke unapotea haraka, na kama ni maji ya rejeta yenye dawa, una utamutamu fulani.

Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe, moshi mweupe wa dakika chache si ugonjwa. Ukidumu, pima plagi za kupashia moja moja. Mbili zikifa, silinda hizo zitachelewa kuamka. Plagi zikiwa nzima na injini imeshapata moto lakini weupe haukatiki, tafuta silinda iliyo baridi. Iache ipoe, iwashe tena, na mara tu baada ya kuwasha dondoshea tone la maji kwenye kila mdomo wa manifoldi ya eksozi, pale inapoungana na hedi (kifuniko cha silinda). Tone linalorukaruka na kukauka linasema silinda hiyo inaungua. Linalotambaa taratibu kama machozi linakuonyesha mgonjwa. Kipima joto cha mwanga kinafanya kazi hiyohiyo kwa usafi zaidi, kama unacho.

Zote sita zikiwa na weupe, usitafute silinda. Tafuta mafuta au taimingi (wakati pampu inapopulizia dizeli). Chota dizeli kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache itulie usiku kucha: maji yatakaa chini na mstari utauona wazi. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haijitengi hivyo, na ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambulia uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010. Kwa katapila la zamani ubaya wake mkubwa ni kwamba mafuta ya taa hayalainishi, yanakula pampu na nozeli pole pole. Nunua mahali unapopaamini na uzoee kufungua koki ya kutolea maji kila asubuhi. Taimingi ya pampu iliyochelewa, hasa baada ya mtu kuishusha na kuirudisha, inatoa weupe ukiwa baridi na uzito wa kuvuta ukiwa moto.

Kwa maji: injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, washa (ila si kama oili ilichachatika), tazama ndani. Mapovu yanayopanda mfululizo ni presha ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Utando wa oili juu ya maji ni ushahidi mwingine. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata kwa gunia.

Hatua ya 5: Moshi wa bluu

Bluu ni oili inayoungua. Kagua kwanza mambo ya kijinga: oili iliyojazwa kupita alama, bakuli la chujio lililozidishwa, na bomba la kupumulia la injini lililoziba kwa matope. Hilo la mwisho linasukuma oili kila mahali, na nimeona injini nzima ikifunguliwa kwa sababu yake.

Halafu tazama wakati. Bluu ya kuwashia tu, inayokatika baada ya muda mfupi, ni oili iliyoshuka usiku kupitia gaidi za valvu (mirija ambamo valvu zinapita). Bluu inayoongezeka na mzigo, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa moto na ukiweke kichwa chini juu ya tundu. Kikitetemeka hapo hapo, ringi bado zinabana. Kikirushwa na moshi ukitoka kwa mapigo kama mtu anayehema, ringi au slivu zimechoka. Kifuniko kikitulia na mashine bado inatoa bluu, toa mpira wa hewa kwenye tabo: oili iliyolowa mle inasema sili za tabo zimekwisha, na tabo ni nafuu mara nyingi kuliko overholi.

Kuna ugonjwa bandia hapa. Eksozi inatiririsha uchafu mweusi wa majimaji, maungio ya manifoldi yameloa, moshi ni wa bluu na mweupe kwa pamoja. Uliza opereta anaiacha sailensa kwa muda gani. Wengine wanaiacha ingurume wakati wa chakula cha mchana, na tena wakati wa kungojea lori, kwa hofu kwamba ikizimwa haitawaka. Injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati joto la kuunguza vizuri, ringi hazikai sawa. Ifanyishe kazi nzito nusu siku, kisha uipime upya. Nyingi zinapona zenyewe.

Hatua ya 6: Kompresheni, mwisho kabisa

Ukifika hapa na silinda moja bado ni dhaifu, toa nozeli zote na upime kila silinda kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli inaweza kupasuka. Namba zenyewe zisikutishe kama zote zinakaribiana. Unachotafuta ni moja iliyoachwa nyuma na wenzake. Usimwage oili ndani ya silinda kama mafundi wa petroli wanavyofanya: nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno na kipimo kitakudanganya.

Hedi ikishuka, soma kwanza namba ya mashine kwenye kibao chake kabla ya kuagiza gasketi. D6C zenye namba inayoanza na 10K na zile za 76A hazishirikiani kila kipuri, na muuza duka atakupa ile aliyonayo kwenye rafu.