Kikombe cha artemisia si dozi ya malaria

Jirani akikwambia achemsha majani ya artemisia kwa kuwa dawa mseto hutoka humo, ana nusu ya ukweli. Artemisinini, kiini cha dawa hizo, ilitoka huko kweli. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyeigundua, akapata Nobel mwaka 2015. Lakini yeye aliitoa kwa etha, kimiminika cha maabara, si kwa maji ya moto, maana kwenye maji haiyeyuki vizuri. Kwa hiyo homa yaweza kushuka na vimelea vya malaria vikabaki.

Pima kwanza. Ukikutwa navyo, meza ALu, ambayo ni dawa mseto: dozi 6 kwa siku 3, ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, na maziwa au chakula chenye mafuta. Na daktari mwambie ulichokunywa nyumbani, hata kama alikuchemshia bibi.