Kuhamisha picha za kamera kwenye Linux bila draiva

Wapiga picha wenzangu wa Moshi mnaotumia Ubuntu, msihangaike na CD ya draiva iliyokuja na kamera. Haihitajiki. Toa kadi ya SD, itie kwenye kisoma kadi, itafunguka kama flashi. Mimi hii ndiyo njia ninayoipenda, maana haili betri ya kamera, na baada ya kipaimara cha kutwa nzima betri huwa imebaki kidogo sana. Kadi za zaidi ya GB 32 huja na exFAT, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye kadi, ambao Linux inausoma yenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019.

Huna kisoma kadi? Chomeka waya wa USB, fungua terminali (dirisha la kuandika amri), na ukiwa umeshasakinisha gphoto2, programu ya kuvuta picha kutoka kwenye kamera, andika gphoto2 --auto-detect uone kama kamera imetambuliwa. Kisha gphoto2 --get-all-files. Picha zote zitashuka kwenye folda uliyomo. Ikigoma na kusema imeshindwa kuishika kamera, mara nyingi ni kwa sababu kompyuta imeshaifungua yenyewe kwenye dirisha la mafaili. Bofya alama ya kuitoa, waya uuache palepale, rudia amri.

Na tafadhali, usifute kadi kabla hujafungua picha kadhaa kwa ukubwa wake kamili.